Mpini wa Jembe na Mikono Ishirini na Minne

Karatasi ya mfuko wa saruji ikipitishiwa pasi ya mkaa hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Kuna vumbi la mawe ndani yake, kuna moshi, na kwa mbali kuna kitu kama mkate ulioanza kuungua. Siku hizi nikipita mahali wanapojenga hapa mjini Sumbawanga, nikakuta waashi wanachoma mifuko mitupu ili waote moto, nasimama kidogo nivute pumzi. Watu hudhani nakagua ujenzi. Kumbe nimesharudi kwenye baraza ya nyumba yetu ya Pito, miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi, na Mama ananung'unika kwamba nimetia makaa mengi kwenye pasi kama vile nachoma mahindi. Mifuko ile aliiomba kwa waashi, akaikung'uta mbali na nguo zilizoanikwa, akachambua karatasi za ndani zilizokuwa safi, akazinyoosha kwa pasi mpaka zikalala. Juu ya karatasi hizo ndipo alipochorea mikono ya nguo za watu. Kila mteja alikuwa na karatasi yake ya mkono, imetobolewa na kutundikwa kwenye msumari ukutani, na upepo wa asubuhi ulipoingia zilipepea zote kwa pamoja zikitoa sauti ya mahindi makavu shambani.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, na nitasema bila aibu kwamba hakukuwa na fundi wa kumfikia kuanzia Pito mpaka sokoni. Wenye wivu waliokuwa wakilipinga jambo hilo wengi wao wamezeeka, na baadhi yao wamekiri mbele yangu. Yeye aliamini kwamba fundi anajulikana kwenye mkono. Kiwiliwili cha blauzi, alisema, hata mtu mwenye usingizi anaweza kukishona, ni mbele na nyuma tu na kuunganisha ubavuni. Mkono ndio mtihani. Kichwa cha mkono, yaani lile pindo la juu linaloingia begani, lazima kiwe kirefu kidogo kuliko tundu la kwapa linalokipokea, kisha ukikusanye taratibu kwa uzi wa bandi, ule wa kushikiza kwa muda, mpaka kikubali kuingia bila kinyongo. Upande wa nyuma unauacha ujae, wa mbele unauchimba kidogo, kwa sababu binadamu hufanya kazi zake akiinama mbele. Nilikuwa na miaka sita nilipoambiwa hayo kwa mara ya kwanza, na nilipofika darasa la sita nilikuwa nayasema hata usingizini.

Lakini kilichomfanya Mama ajulikane hakikuwa kichwa cha mkono. Kilikuwa mpini wa jembe. Nyuma ya mlango wa baraza kulisimama mpini mmoja wa zamani usio na jembe, umelainika kwa mikono ya bibi yangu aliyeutumia miaka mingi. Mteja alipokuja kupimwa, awe bibi wa shambani au mwalimu wa shule, Mama alimpa mpini ule na kumwambia aunyanyue kama anayetengeneza tuta. Kwetu Ufipa tuta si kitu kidogo. Unageuza majani na udongo, unavirundika, unavifunika mpaka panakuwa na kichuguu cha kupanda maharage, na kazi hiyo yote iko mabegani. Basi mteja akinyanyua mpini, Mama alipitisha tepu kuanzia mfupa wa bega, ikazunguka kiwiko kilichokunjwa, ikafika kifundo cha mkono. Akapima unene wa mkono juu ya kiwiko, kisha akaongeza vidole vyake viwili alivyoviita vya baridi, maana kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hakuna mwanamke wa kwetu anayevaa blauzi bila sweta chini yake. Watu walicheka, hasa wageni. Mama aliwaacha wacheke, kisha akawaambia kwamba nguo inayokukataza kunyanyua mkono ni sanda, na yeye hashoni sanda.

Namna hiyo ya kupima ilikuwa na dosari moja, nami niliijua na kuichukia. Mkono uliopimwa mtu akiwa amenyanyua huwa na nafasi, na nafasi hiyo mtu akishusha mkono hukaa kwapani kama mikunjo miwili mitatu. Blauzi zote za Mama zilikuwa na mikunjo hiyo. Mjini kulikuwa na fundi mwanamume aliyetundika nguo zake mbele ya duka, na mikono yake ilishuka laini kama imemiminwa. Binti mmoja niliyesoma naye, ambaye mama yake alishonewa huko, aliniambia mbele ya wenzake kwamba nguo za mama yangu zinaonekana kama zimelaliwa. Nilirudi nyumbani nimevimba. Sikumwambia Mama. Nilianza kuazima kitabu cha ushonaji kutoka kwa mwalimu wetu, chenye michoro ya mwanamke aliyesimama wima, mikono imening'inia ubavuni, na mistari yenye herufi ikimzunguka. Yule mwanamke wa kitabuni hakuwa na jembe wala sweta. Nilimpenda sana.

Mwaka ule niliokuwa darasa la sita, kijana wa kigango chetu alikuwa anapadrishwa, na ilikuwa mara ya kwanza kigango kile kumtoa padre. Kwaya ya akina mama, watu kumi na wawili, ilichangishana ikanunua kitambaa cha tetroni cha rangi ya maziwa, mwisho wa jora, na kiongozi wao, Mama Skolastika, akakileta kwa Mama. Huyu Mama Skolastika alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na hakuwahi kusema jambo mara mbili. Alimwambia Mama kwamba wenzake watatu walitaka kazi ipelekwe kwa yule fundi wa mjini, yeye amewakatalia, na sasa majina yao wote wawili yamo kwenye sindano moja. Mama alikata viwiliwili vyote kumi na viwili kwa siku mbili, kwa vipimo vya vifua alivyoletewa, mikono akaiacha mpaka wenyewe waje kupimwa. Siku ya tatu alikwenda kuchota maji, akateleza kwenye jiwe lenye umande, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali amefungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kuanzia vidole mpaka kiwikoni, na zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Nakumbuka alivyokaa kwenye kigoda akiangalia viwiliwili vile visivyo na mikono vilivyopangwa juu ya meza. Baba alisema wamrudishie Mama Skolastika kitambaa chake mapema, aibu ya leo ni ndogo kuliko ya siku ya sherehe. Mama alinitazama mimi, akanitazama tena, kisha akaniuliza kichwa cha mkono kinazidi tundu la kwapa kwa kiasi gani. Nikamjibu. Akauliza upande upi unachimbwa. Nikamjibu. Akamwambia Baba, "Fundi yupo." Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na sina haja ya kuficha kwamba sikulala vizuri kwa furaha. Mwana wa nyani hafunzwi kupanda mti, nilijiambia, nikasahau kwamba hata nyani huanguka.

Mama alinipa kazi ya kupima Jumapili baada ya misa, siku ambayo yeye alitakiwa kurudi hospitali kuangaliwa vidole vilivyovimba. Aliniachia tepu, chaki, daftari na maneno mengi. Methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni ya watu wa pwani, sisi kwetu hatuna mnazi na pombe yetu ya ulezi haigemwi, lakini naona ilipanda milima ikanifuata. Akina mama walikuja wote kumi na wawili, wamevaa nguo za kanisani, vilemba vimekaa sawa, na watu waliokuwa wakitoka misa walisimama barabarani kuangalia. Nilipofikiria kumpa mke wa mwenyekiti wa kigango mpini wa jembe mbele ya watu wale, uso uliniwaka moto. Nikausukuma kwa kisigino ndani zaidi nyuma ya mlango, ukaanguka huko. Nikafungua kitabu juu ya meza ili waone. Mama Skolastika ndiye aliyetangulia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Leokadia. Mpini uko wapi?"

"Leo tunapima kwa kitabu, Mama. Simama wima, shusha mikono."

Alinitazama kwa muda, lakini alikuwa mtu wa kumheshimu fundi hata awe mtoto wa miaka kumi na miwili, akashusha mikono. Wengine wakafuata. Nilipima bega mpaka kifundo, moja kwa moja, mikono imening'inia kama ya mama wa kitabuni. Vidole viwili vya baridi nilivikumbuka, hilo nijisifie, maana hata mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta. Mama aliporudi jioni akaniuliza kama yote yamekwenda sawa, nikasema ndiyo. Hakuniuliza kuhusu mpini. Isingemwingia akilini kuuliza, kama ambavyo huwezi kumuuliza mtu kama alitia maji alipopika ugali.

Wiki ile nilikuwa fundi kweli. Nilichora mikono kumi na miwili kwenye karatasi za saruji, kila mmoja na jina lake, nikiinua kichwa cha mkono juu kama kitabu kilivyosema. Nilishikiza karatasi juu ya kitambaa kilichokunjwa tabaka mbili, nikakata, nikapata ishirini na minne. Kushona tulishona wawili. Cherehani yetu ilikuwa ile ya kuzungusha kwa mkono, na gurudumu lake liko kulia, basi Mama alikaa kulia kwangu, hogo limelala mapajani, akazungusha kwa mkono wa kushoto, na mimi nikaongoza kitambaa kwa mikono yangu miwili. Siku ya kwanza tuligombana, alizungusha mbio nami naogopa sindano. Siku ya pili nilijifunza kusema "polepole kwenye kona," naye akajifunza kunisikiliza, jambo ambalo naamini lilimgharimu kuliko kuvunjika mkono. Alipoona jinsi mikono ilivyolala laini kwenye kiwiliwili bila mkunjo hata mmoja alikunja uso kidogo, akapapasa kwapa la blauzi, akasema, "Umeshona vizuri." Nilitafuta kitu kingine kwenye uso wake, nikajiambia ni maumivu ya mkono.

Upadrisho ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumatano ya wiki hiyo walikuja kujaribu. Walipovaa na kusimama mstari mmoja pale uani, mikono imeshuka ubavuni, nilitamani yule binti wa shule apite. Hata wale watatu waliotaka fundi wa mjini walijitazama wakageuka huku na huku. Kisha Mama Skolastika akasema wajaribu wimbo wa matoleo, kwa sababu wimbo ule ulikuwa na vitendo: wanaimba wakinyanyua mikono na kuishusha kama watu wanaotengeneza matuta, kumshukuru Mungu kwa mavuno. Akaanzisha. Mikono ikapanda, na blauzi zote zikapanda nayo. Viuno vikabaki wazi, sweta za kila rangi zikachungulia, na kwenye kwapa la Mama Skolastika uzi ukalia, trrr, mpaka karibu na ubavu. Mwimbaji mmoja alibaki mikono imekwama usawa wa masikio, hawezi kupandisha wala hataki kushusha kwa nguvu. Wengine wakaacha kuimba mmoja mmoja.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama alisimama, akaja mpaka karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Uliwapa mpini?" Nikatikisa kichwa. Akaingia ndani, nikamsikia akiuokota mpini nyuma ya mlango na kuusimamisha mahali pake. Alipotoka alisema tu, "Mchuma janga hula na wa kwao," akakaa kwenye kigoda. Mama Skolastika alivua blauzi yake taratibu, akaikunja na mpasuko ukiwa juu, akasema, "Mama Leokadia, kesho asubuhi nakuja. Nikikuta hazinyanyuki, nabeba zote napeleka mjini, na huyo fundi atafanya anavyojua. Sina chuki. Siwezi kumpeleka kijana wetu altareni na kwaya iliyofungwa mikono." Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia karibu na banda la kuku. Nililia kwa aibu, lakini zaidi nililia kwa sababu Mama hakunigombeza, nikajua jina lake ndilo nililolipasua kwapani mbele ya watu kumi na wawili.

Nilipokuwa huko nyuma nikifuta kamasi, suruali ya Baba ya shambani ilikuwa imeanikwa kwenye uzio, imegeuzwa ndani nje. Katikati yake, pale miguu inapokutana, kulikuwa na kipande cha pembe nne chenye umbo la kishada cha kurushwa angani, cha kitambaa kingine kabisa. Mama alikitia mwaka uliotangulia, baada ya suruali kupasuka mara tatu Baba alipochuchumaa kupalilia. Tangu hapo haikupasuka tena. Niliitazama suruali ile kwa muda mrefu. Kisha niliing'oa kwenye uzio ikiwa bado na unyevu, nikaenda nayo mbio barazani, nikamtandikia Mama magotini juu ya hogo lake.

"Mama, tukiweka hiki kwapani?"

Aliiangalia suruali, akaniangalia mimi, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ateleze. Alisema, "Leokadia, unataka kuwavalisha kwaya makalio ya baba yako?" Kisha akaacha kucheka, akachukua blauzi ya Mama Skolastika, akafungua ule mpasuko kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaupima kwa jicho. "Itakubali," alisema. Tatizo likawa kitambaa. Tetroni ilikuwa imekwisha, vilivyobaki ni vipande vya kutengenezea vitambaa vya pua. Baba akapanda baiskeli mpaka mjini, akarudi na habari kwamba jora lilikwisha na mwenye duka hana lingine. Vipande ishirini na vinne vya kishada, kila kimoja upana wa kiganja, vingetoka wapi? Mama aliinuka, akaenda chumbani, akafungua sanduku. Alirudi na kitenge chake cha bluu, kile ambacho Baba alimletea kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya Matai, wakati wa uchumba wao. Alikuwa amekivaa mara mbili tu, siku ya harusi na siku ya ubatizo wangu. Akakitandika mezani, akaniwekea mkasi juu yake.

Sikuweza. Nilimwambia tutafute kingine. Akasema kitenge kinachokaa sandukuni hakimfuniki mtu, na kwamba yeye alikuwa na kazi ya kumaliza. "Kata. Mkono wangu ndio huo ulioko kwenye bega lako." Nikakata. Sauti ya mkasi kwenye kitambaa kile naisikia mpaka sasa. Tulifumua kwapa moja moja kwa wembe, pale mshono wa mkono unapokutana na mshono wa ubavu, tukatia kishada cha bluu, pembe moja ikiingia mkononi, nyingine ubavuni, mbili zikitazama mbele na nyuma. Pembe ndizo ngumu, ukikosea uzi mmoja panatoboka. Mama alizungusha, mimi nikaongoza, na kwenye kila kona nilisema polepole naye akazungusha polepole. Blauzi ya kwanza tuliyoimaliza ilikuwa ya Mama Skolastika. Zilizobaki tulizimaliza Ijumaa, lakini Alhamisi asubuhi, alipokuja na kikapu cha kubebea, ile moja ilikuwa tayari.

Aliivaa juu ya sweta lake. Akashusha mikono, nikaona mikunjo miwili imekaa kwapani, ile ile ya Mama, na sikuichukia. Nikaenda nyuma ya mlango, nikachukua mpini, nikampelekea kwa mikono miwili. Aliupokea. Aliunyanyua juu ya kichwa, akaushusha, akaunyanyua tena, na blauzi ikatulia kiunoni kama haikuhusika. Kila mkono ulipopanda, bluu ilichungulia kwapani. Alijaribu mara nne. Kisha akanirudishia mpini na kuniuliza yule mwanamke wa kitabuni analima nini. Nikasema sijui. "Basi," akasema, akaondoka na kikapu chake kitupu.

Siku ya upadrisho baridi ilikuwa kali, na watu walijaa mpaka nje ya kanisa. Wengine walitoka Muze huko chini bondeni kwenye joto, wakawa wanatetemeka na kujifunika kanga mbili mbili. Nilikaa upande wa watoto, nikashika kiti cha mbele kwa nguvu. Wimbo wa matoleo ulipoanza, akina mama kumi na wawili walisogea katikati wakiwa weupe kuanzia bega mpaka pindo. Wakanyanyua mikono. Bluu ishirini na nne zikafunguka kwa wakati mmoja, zikafumbika, zikafunguka tena, wimbo mzima, na hakuna uzi uliolia. Minong'ono ikapita kanisani. Bibi mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake kwamba mshono huo lazima umetoka mbali. Nikageuka nikamwambia, "Umetoka Pito, bibi, nimeushona mimi na Mama." Mtoto kuongea kanisani ni utovu wa adabu, na Baba, aliyekuwa amesimama ukutani karibu nasi, alinifinya sikio. Sikio lile likauma kwa raha. Upande wa pili wa kanisa nilimwona Mama, amesimama, hogo limefunikwa kwa kanga, anatazama kitenge chake cha harusi kikipanda na kushuka kwa watu kumi na wawili. Alikuwa ameinua kidevu. Sijamwona tena mtu aliyesimama vile.

Miezi iliyofuata walikuja wateja kuomba "kwapa la bluu." Walitoka mjini, walitoka vijiji vya barabara ya Matai, na alikuja hata mama wa yule binti wa shule. Mama aliwapokea wote na kumpa kila mmoja mpini. Sasa mimi nina karakana yangu karibu na soko, na mabinti watatu ninaowafundisha. Dunia imekwenda mbio. Wateja wanakuja na picha kwenye simu, mikono ya puto, mikono ya kengele, mikono iliyobana mpaka damu inauliza pa kupita. Nguo za mitumba zimetandazwa barabarani zikiwa zimeshashonwa, na mtu anaweza kuvaa mkono uliopimwa kwa mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua. Tunapasi kwa umeme. Karatasi za kuchorea nanunua safi dukani, hazina harufu yoyote. Cherehani zangu ni za umeme pia, na sindano haingoji mtu akuzungushie. Mabinti wangu ni wepesi kuliko nilivyokuwa, na wanajua mitindo ambayo Mama hakuiota. Sitasema zamani ilikuwa bora, maana baridi ile na maji yale ya kuchota siyatamani. Lakini mpini uko nyuma ya mlango wangu, na hakuna mkono unaokatwa humu ndani kabla mwenye mkono hajaunyanyua. Wateja vijana hucheka, wengine hujipiga picha nao. Nawaacha wacheke.

Mwezi uliopita Mama alikuja nimshonee blauzi ya Pasaka. Amepungua sana, na kile kifundo alichovunja kimeota uvimbe wa baridi. Aliingia, akasalimiwa shikamoo na mabinti wote, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango akachukua mpini mwenyewe. Aliunyanyua mpaka kifuani. Ukasimama hapo. Alijaribu tena, mabega yakatetemeka, ukafika chini ya kidevu na haukupanda zaidi. Mabinti waliangalia pembeni. Nilikuwa na tepu mkononi, nikafikiria kumpima pale pale mkono ulipoishia, ingetoka blauzi nzuri, laini, isiyo na mkunjo hata mmoja. Alinitazama.

"Unasubiri nini? Pima."

"Napima ulipofika, Mama?"

"Pima nilipokuwa nafika."

Nikampokea mpini nikausimamisha ukutani. Nikaunyanyua mkono wake mimi mwenyewe, taratibu, nikiutegemeza kwenye bega langu mpaka ulipofika juu ya kichwa, na tepu nikaanza kuipitisha kutoka mfupa wa bega. Kisha nikaongeza vidole viwili vya baridi. Blauzi hiyo ni ya rangi ya maziwa, na kwapani nimetia bluu.